Kovu la Somoe: uchambuzi wa kisa cha mtoto aliyeulizwa na watu saba

Kisa hiki kimeandikwa kwa maafisa ustawi wa jamii, walimu wa awali, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na washauri wa familia wanaokutana na watoto waliolelewa na bibi kisha wakachukuliwa na wazazi. Somoe si jina lake. Kijiji, mtaa na baadhi ya mambo ya kifamilia yamebadilishwa asitambulike. Maneno yake yamewekwa kama yalivyoandikwa na timu iliyoshughulikia shauri lake, yakitafsiriwa kutoka Kimakonde pale ilipobidi.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Mtoto wa miaka minne akiulizwa yaliyompata, hajibu kwa kumbukumbu peke yake. Anajibu pia kwa kumtazama anayemuuliza, na kwa kupima atabaki na nani akishajibu. Familia hii ilitafuta ukweli mdomoni mwa mtoto katika miezi ile ile ambayo mtoto hakujua tena nani ni wake.

Usuli

Somoe alizaliwa katika kijiji cha wakulima wa korosho kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara. Alipotimiza miezi 11, mama yake alihamia Mtwara mjini kufanya kazi kwenye kibanda cha mama ntilie, akamwacha kwa bibi mzaa mama. Makubaliano yalikuwa msimu mmoja. Ikawa miaka mitatu na miezi minne. Mama alituma fedha na alifika kijijini Idd na siku za msiba, akikaa siku mbili tatu.

Malezi ya namna hii si kasoro, na hakuna mtu kwenye timu aliyeyachukulia hivyo. Katika koo za Kimakonde zinazofuata upande wa mama, kwa bibi ndiko nyumbani. Somoe alilala kitanda kimoja na bibi yake, akamfuata shambani kuokota korosho, akamwita "mama". Mama mzazi alimwita kwa jina, kama alivyowasikia wakubwa wakimwita.

Kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ana kovu la moto lenye urefu wa kidole cha mtu mzima. Kijijini halikuwa habari. Mjini likawa kesi.

Yaliyotokea

Mwezi Januari, Somoe akiwa na miaka 4 na miezi 3, mama alikwenda kumchukua aanze darasa la awali mjini. Bibi alitaka apewe wiki mbili za kumwandaa. Mama alikuwa na ruhusa ya siku moja. Mtoto aliambiwa wanakwenda kununua sandali na watarudi jioni. Bibi alijificha nyuma ya nyumba mpaka gari likaondoka.

Siku mbili za kwanza Somoe alilia na kukaa mlangoni. Siku ya tatu alinyamaza. Akaacha kumuulizia bibi, akala kidogo alichopewa, akakojoa kitandani usiku, jambo aliloliacha zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Majirani walisema, "Ametulia, keshazoea." Mama aliliandika neno hilo hilo kwenye ujumbe wa simu kwa kaka yake: ametulia.

Tukio moja la wiki ya pili mama alilieleza kwa uchungu. Somoe alianguka kwenye sakafu ya saruji akapasuka mdomo. Mama akachuchumaa, akanyoosha mikono. Mtoto akageukia ukuta, akashika pindo la gauni lake, akaukandamiza mdomo mwenyewe mpaka damu ikakata. Hakulia. Mama alihitimisha kuwa mtoto amefundishwa kumchukia. Hitimisho hilo liliongezewa nguvu na jambo jingine: Somoe alikataa kabisa kuingia kibandani kwa mama, akibaki nje juani hata akiitwa kula.

Wiki ya tatu mama mdogo alikuja kutembea, akaliona kovu. Kuanzia hapo maswali hayakukatika. Timu iliporudi nyuma baadaye kuyakusanya, mlolongo ulikuwa hivi. "Hili kovu lilikuwaje?" Kimya. "Ulichomwa?" Akaitikia kwa kichwa. "Nani alikuchoma, bibi?" Kimya. Siku nyingine, "Bibi alikuchoma, eti?" Akaitikia. "Kwa kitu gani, kijiti cha moto au kisu?" "Kijiti." "Ulimkosea nini, ulilamba sukari?" "Sukari." Wiki ya sita Somoe alikuwa na habari kamili, akiisema bila kusita: bibi alinichoma na kijiti kwa sababu nililamba sukari.

Hakuna kipande hata kimoja cha habari hiyo ambacho hakikutoka kwanza kwa mtu mzima.

Wiki ya saba mama alikwenda serikali ya mtaa, akaelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii. Alitaka mambo mawili: bibi ashtakiwe, na asimwone mtoto tena.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha maswali yote kuhusu mkono. Sababu ni kwamba kila mara tukio linaposimuliwa, linajengwa upya. Katika utafiti wa Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974, watu wazima walioonyeshwa filamu ya ajali ya magari walikadiria mwendo mkubwa zaidi walipoulizwa kwa kitenzi kikali cha kugongana kuliko kwa kitenzi laini. Wiki moja baadaye, walioulizwa kwa kitenzi kikali walikuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika, na vioo havikuwapo. Ikiwa kitenzi kimoja kinamfanya hivyo mtu mzima, wiki tatu za maswali kwa mtoto wa awali ni mzigo mkubwa. Michelle Leichtman na Stephen Ceci walionyesha mwaka 1995 kwamba watoto wa miaka 3 na 4 walioandaliwa kumwona mgeni fulani kuwa mharibifu, kisha wakaulizwa maswali elekezi mara kadhaa, wengi wao walidai alifanya mambo ambayo hakuyafanya.

Pamoja na kusimamisha maswali, afisa alitengeneza karatasi ya safu tatu: nani aliuliza, lini, kwa maneno gani hasa. Alikaa na kila mmoja peke yake, akawaeleza kwamba hawashtakiwi. Orodha ilifika watu saba, akiwamo mwalimu wa awali. Mama mdogo alikiri kumwambia mtoto, "Sema kweli, mama atakupenda." Sentensi hiyo ilipigiwa mstari.

Uamuzi wa pili: madai yasitupwe kwa kuwa yamechafuliwa na maswali. Mtoto aliyeulizwa vibaya anaweza pia kuwa aliumizwa kweli, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto aripoti. Kwa hiyo bibi aliombwa asikutane na Somoe kwa wiki mbili, wakati ushahidi usio wa maneno unatafutwa. Tabibu wa hospitali aliliangalia kovu, akaeleza kuwa kingo zake na namna lilivyotiririka kuelekea kifundo vinafanana zaidi na kimiminika cha moto kuliko kijiti. Hakusema nani wala kwa nini, na hakupaswa kusema.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mahojiano moja tu, yatakayofanywa na mshauri mwenye mafunzo. Kwa kweli yakawa mawili, kwa sababu ya kwanza yaliharibika. Mshauri alizungumza Kiswahili cha mjini. Somoe amelelewa kwa Kimakonde, Kiswahili chake kilikuwa cha miezi miwili. Dakika 20 zilipita kwa kuitikia na kukunja pindo la gauni. Kwenye fomu iliandikwa "mtoto ana hofu". Hofu huenda ilikuwapo, lakini kilichopimwa pale kilikuwa lugha.

Mahojiano ya pili, wiki ya tisa, yaliongozwa na mwanamke anayezungumza Kimakonde, mama akiwa nje ya chumba. Yalichukua dakika 25, na zaidi ya nusu hazikuugusa mkono. Kwanza kucheza na mbegu za korosho. Pili, sheria za mazungumzo, zikifanyiwa mazoezi na si kutajwa tu: "Mimi nina kuku nyumbani. Anaitwa nani?" Mtoto akabahatisha jina. "Umemwona wewe? Basi ukiwa hujui, sema sijui." Akaulizwa tena kuhusu paka, akasema sijui, akasifiwa. Tatu, mazoezi ya kusimulia jambo lisilo na ubishi: "Niambie yote uliyofanya jana, toka ulipoamka." Hapo mhoji husikia mtoto anasimulia kwa urefu gani akiwa huru, apate cha kulinganisha. Ndipo likaja swali lenyewe, likiwa wazi: "Niambie habari za mkono huu."

Somoe alisema, "Mama mdogo anasema bibi alinichoma."

Mhoji hakudakia. Alingoja, kisha: "Na wewe mwenyewe?" "Sijui. Bibi alinipaka asali." "Halafu ikawaje?" "Basi."

Mahojiano yakaishia hapo.

Uamuzi wa nne, mgumu kuliko yote, ulikuwa kumrudisha bibi kabla mgogoro wa watu wazima haujaisha. Ushahidi ulipopatikana wiki ya 12 (maelezo yako chini), bibi aliitwa mjini kukaa siku tisa. Mpango ulikuwa huu. Siku tatu za kwanza bibi anafanya kila kitu, kuogesha, kulisha, kulaza, na mama yupo karibu mikono ikiwa mitupu. Siku tatu za kati wanafanya pamoja. Siku tatu za mwisho mama anafanya, bibi yupo. Hakuna kuondoka kwa siri. Mtoto aambiwe mapema, kwa hesabu anayoielewa: "Ukilala mara mbili, bibi atapanda gari. Ijumaa atapiga simu." Bibi aliacha kanga yake aliyoivaa, bila kufuliwa, kwa ajili ya harufu.

Matokeo

Bibi aliingia uani akaita kwa utani wao wa siku zote: "Mke mwenza, hujambo?" Somoe alibaki ameshika nguzo ya baraza kwa dakika kama nne, bila kuitika. Kisha akaenda, akajitupa mapajani mwa bibi akiwa amempa mgongo, akaanza kumpiga goti kwa ngumi, taratibu. Alilia kwa mara ya kwanza baada ya wiki 12. Mama alitaka kumwondoa kwa kuwa "anamkosea bibi". Afisa alimshika mkono, akamwomba asubiri.

Kukojoa kitandani kulipungua ndani ya wiki mbili, kukarudi bibi alipoondoka, kisha kukaisha mwezi wa tano. Likizo ya Juni Somoe alikaa kijijini wiki tatu, akarudi mjini kwa hiari yake akiwa na mfuko wa ming'oko, viazi vya porini. Mwezi wa saba alipigwa na mpira shuleni mama akiwa getini. Alimkimbilia. Sasa anao "mama" na "mama wa Mtwara".

Asili ya kovu ilipatikana kwenye daftari la wagonjwa wa nje la zahanati ya kijiji: mtoto wa miezi 22, jeraha la uji wa moto, mkono wa kushoto, ameletwa na mjomba. Mjomba alieleza kuwa bibi alikuwa shambani siku hiyo, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na mtoto alikuwa na mke wake. Sufuria ya uji ilipinduka. Shauri dhidi ya bibi halikuendelea.

Hata hivyo, habari ya kijiti haijafutika. Mwezi wa nane Somoe aliwasimulia wenzake shuleni vile vile kama mwanzo, sukari na yote.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa kusoma kimya kama mazoea. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili, alieleza mfungamano kuwa ni haja ya mtoto kuwa karibu na mtu fulani, si mtu yeyote, hasa anapoumwa, anapoogopa au anapochoka. James Robertson, aliyefanya kazi naye Uingereza, aliwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitali bila wazazi, akaona hatua tatu: kulalamika, kukata tamaa, na kujitenga. Hatua ya tatu humdanganya mtu mzima, kwani mtoto anakula, anatii, hasumbui. Siku ya tatu ya Somoe haikuwa mwanzo wa kuzoea. Mtoto aliyezoea huja kwako akiumia. Ndiyo maana mdomo uliopasuka unaeleza zaidi kuliko wiki nzima ya utulivu, na afisa aulizie matukio ya aina hiyo kabla ya kuuliza "anaendeleaje?"

Inafaa pia kukumbusha kwamba Mary Ainsworth alianza kuyachunguza haya Uganda, vijijini karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, kabla ya kazi yake ya Baltimore, Marekani. Kipimo chake maarufu cha vipindi vinane vifupi vya kuachana na kukutana kiliundwa kwa watoto wa karibu mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Kwenye jalada la Somoe mtu aliandika "mfungamano usio salama" baada ya kumwona mara moja ofisini, akiwa na miaka minne. Maneno hayo yalifutwa, na ilikuwa sahihi kuyafuta. Mfungamano hauko ndani ya mtoto kama kundi la damu. Upo kati yake na mtu fulani. Kwa bibi, Somoe alikuwa na pa kuegemea tangu zamani; ngumi zile gotini hazipigwi mtu asiyeaminiwa. Kwa mama, palikuwa bado hapajajengwa.

Upande wa kumbukumbu, swali la msingi lilikuwa kama mtoto wa miezi 22 anaweza kusimulia tukio hilo akiwa na miaka minne. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya miaka mitatu au mitatu na nusu. Gabrielle Simcock na Harlene Hayne walichapisha mwaka 2002 jaribio lenye mafunzo makubwa kwetu. Watoto wa miaka miwili hadi mitatu walicheza na mashine ya ajabu. Miezi 6 au 12 baadaye waliweza kuonyesha kwa vitendo kuwa wanaikumbuka, lakini katika kuielezea hawakutumia neno ambalo hawakuwa nalo siku ya tukio, hata kama sasa walikuwa wanalijua. Somoe wa miezi 22, kwa maelezo ya bibi na mjomba, alikuwa na maneno machache mno. Habari yenye kosa, adhabu na sababu haikuweza kutoka huko.

Lakini mwili una kumbukumbu zake. Timu ilichelewa kuliona hili, nalo lilikuwa mbele ya macho: Somoe alisogelea kuni na mafiga ya jirani bila wasiwasi, akakwepa kibanda cha mama chenye masufuria yanayotoa mvuke tangu alfajiri. Kukwepa huko si ushahidi wa mahakamani, na mtoto anaweza kuogopa mvuke kwa sababu nyingine. Kulitosha kumfanya mama afikirie upya kwamba huenda mtoto hakumkimbia yeye. Alihamisha meza ya Somoe upande usio na jiko, na ndani ya wiki moja mtoto akaanza kula kibandani. Hatua hii ndogo ilimbadilisha mama kuliko ushauri wote aliopewa.

Kilichofaa zaidi ni mahojiano kwa Kimakonde na swali la wazi. Watoto wa umri huu ni dhaifu katika kutofautisha walichokiona na walichoambiwa, na maswali ya ndiyo au hapana huwanyima hata nafasi ya kujaribu. Swali la wazi lilimpa Somoe nafasi ya kutaja chanzo, "mama mdogo anasema". Kama mhoji angeuliza "bibi alikuchoma?", angeitikia kwa mara ya nane. Habari ya asali nayo ilipokelewa kwa tahadhari, maana bibi alikuwa akiisimulia nyumbani mara nyingi. Haikutumiwa kumtetea bibi.

Kilichoshindwa zaidi ni zile wiki mbili kuwa tano. Mvua za masika zilifunga barabara, daftari la zahanati likawa kwenye boksi la kumbukumbu za zamani, na muda wote huo Somoe alikatwa na mtu pekee aliyemtuliza. Tahadhari ilikuwa na haki yake. Ila ingeweza kutekelezwa kwa simu na kukutana mbele ya afisa tangu wiki ya kwanza. Kumlinda mtoto dhidi ya bibi anayetuhumiwa hakukulazimu kumnyima bibi kabisa.

Uchelewaji huo ulikuwa na chanzo kingine kilichokuwa mikononi mwa timu. Kikao cha kwanza cha familia kiliita mama, baba na mama mdogo. Mjomba hakuitwa. Kwa ukoo huu mjomba ndiye anayesikilizwa, na ndiye aliyembeba mtoto kwenda zahanati. Angeulizwa wiki ya saba, tarehe ya kutafuta kwenye daftari ingejulikana siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni gumu kufundisha. Mama alishauriwa aongee na mtoto kuhusu mambo yaliyopita, kwa sababu kazi za Robyn Fivush na Elaine Reese zinaonyesha kuwa mama wanaosimulia na watoto wao kwa upana, wakiuliza "nani", "wapi" na "halafu", hulea watoto wenye kumbukumbu tajiri za maisha yao. Wiki ya kwanza mama aliutumia ushauri huo kurudi kwenye kovu. Haikuwa hila, hakuna aliyemwonyesha mpaka. Mpaka uliwekwa hivi: mnasimulia mliyoyafanya pamoja, nyote wawili mkiwapo, yasiyo na ubishi, na mtoto akikusahihisha, kubali. Feri ya Msangamkuu waliyopanda Jumapili inafaa. Mkono haufai. Mtoto akiutaja mwenyewe, mama aseme, "Nimekusikia," asiongeze neno.

Mama mdogo na bibi hawajazungumza mpaka sasa. Karatasi ya safu tatu imebandikwa ukurasa wa kwanza wa jalada la Somoe, ili atakayemuuliza tena miaka ijayo ajue ni maneno ya nani atakayoyasikia.